Ngumi za Adabu

Mwalimu Luqmani Pazi ametengeneza vyerehani hapa Morogoro kwa miaka thelathini na mitano, na kwa ishirini kati ya hiyo alifundisha aikido. Katika miaka hiyo ishirini alituomba sisi wanafunzi wake jambo moja tu: tumpige ngumi ya uso. Tukamnyima. Kwa mdomo tulisema ndiyo mwalimu, sawa mwalimu, tumeelewa, lakini mikono ilikataa. Naeleza haya nikiwa na hasira na sitaomba radhi, kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao waliomnyima, na pengine nilikuwa mbaya kuliko wote.

Naitwa Nasra, nashona sare za shule Kilakala. Nilimjua mwalimu kwa sababu cherehani changu kilikuwa kinaruka nyuzi na mafundi wawili walishakikoroga. Alikuja na mfuko wake wa bisibisi, akainamisha sikio juu ya mashine, akazungusha gurudumu taratibu, akasema, "Huyu haumwi uzi. Anaumwa sindano." Dakika kumi kikapona. Nikamwambia, mzee wangu, mgongo wako umenyooka kuliko wa kijana. Akacheka, akasema njoo Jumanne uone unakonyooshwa. Nilikwenda kuangalia tu, nikabaki miaka saba.

Ukumbi wetu ulikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro la Ritesh. Ghala lake liliwahi kuvuja, magodoro yakaloana, akatupatia hayo magodoro na chumba cha kuyatandika. Tukayafunika turubai na kulikaza kwa kamba. Mvua ikishuka kutoka mlimani, turubai lilinuka wiki nzima. Tulikutana Jumanne na Alhamisi baada ya swala ya alasiri, watu kumi, wakati mwingine sita, mimi nikiwa nimeubana mtandio kwa pini nne ili usinitoke nikianguka.

Aikido ni sanaa ya Kijapani ya kujihami. Mtu akikujia, humkabili kifua kwa kifua. Unapisha, unaichukua nguvu yake aliyokuja nayo, unamzungusha, anakwenda chini. Waliowahi kuiona kwenye simu wanasema ni ngoma ya watu wanaoshikana mikono na kuangushana kwa zamu. Mwalimu akisikia maneno hayo alikuwa anavimba mishipa ya shingo.

"Mnaona kutupa," alikuwa akisema. "Hamuoni kupiga. Bila kupiga hakuna kutupa."

Hapo ndipo somo lake lilipokuwa, na alilirudia hadi nikawa naliota. Pigo la kwanza Wajapani wanaliita atemi. Si lazima limuumize mtu. Kazi yake ni kumshtua: unamletea kiganja usoni, anainua mikono kuukinga uso wake, na wakati huo huo miguu yake anaisahau. Hapo unamchukua. Usipompiga, anabaki amesimama imara, na wewe unang'ang'ana naye kama unahamisha kabati. Na yule anayekushambulia naye lazima apige kwa ukweli, kwa sababu ngumi ya uongo haina nguvu ya kuichukua.

Haya alifundishwa na Mjapani mmoja aliyeitwa Sakuma, mwalimu wa ufundi wa kujitolea, aliyekaa hapa miaka mitatu huko kwenye miaka ya tisini akarudi kwao. Siku ya kwanza Sakuma alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nakuja usoni." Luqmani akadhani ni mfano. Ngumi ikamkuta puani. Alipofuta damu alimwona Mjapani amemwinamia kwa heshima zote. Kwa Sakuma, kumpiga mwenzako kwa ukweli ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Sasa hiyo uilete Morogoro. Nani atamwamkia mtu shikamoo mlangoni, avue viatu, halafu apande juu ya godoro akamtandike ngumi ya mdomo?

Basi tulimpiga kwa adabu. Ngumi ilitoka bega zuri, kiwiko kizuri, ikifika kidevuni inapunguza mwendo na kusubiri. Mwalimu akichelewa kidogo, ngumi inamngojea. Ikitokea kwa bahati mbaya ikamgusa, darasa zima linasema, "Pole mwalimu." Kulikuwa na fundi umeme mmoja, Godfrey, mwenye mwili wa kubeba jenereta peke yake, ambaye alikuwa anaanguka kabla hajaguswa. Mwalimu akimletea tu kiganja usoni, Godfrey yuko chini, anapiga turubai kuonyesha kwamba ameumia.

"Godfrey, nimekufanya nini?" mwalimu alimuuliza siku moja.

"Umenitupa, mwalimu."

"Sijakugusa."

"Nimeisikia nguvu yako, mwalimu."

Mwalimu alitoka nje, akakaa ngazini, akarudi baada ya robo saa. Sisi tulicheka. Ninapokumbuka kile kicheko najisikia vibaya.

Kilichokuwa kinamsumbua kilikuwa kikubwa kuliko tulivyodhani. Alikuwa na mkanda mweusi wa daraja la kwanza. Akipata la pili, chama cha aikido kingemruhusu kuwatahini wanafunzi wake hapa hapa. Bila hilo, kila anayetaka mkanda mweusi lazima ahamie kwenye mazoezi ya Dar es Salaam mwaka mzima, na kwa miaka ishirini hakuna hata mmoja wetu aliyehama. Maana yake darasa lile lingekufa siku goti lake likikataa. Alishatahiniwa mara mbili na kushindwa mara mbili. Mara zote mbili mshambuliaji wake alikuwa Godfrey, na mara zote mbili mtahini aliandika sentensi ile ile: mashambulizi hayana ukweli, kwa hiyo hakuna kinachoweza kupimwa.

Mara ya tatu mkewe, Mama Hamza, aliweka msimamo. Aliniambia mwenyewe nilipompelekea kitenge chake. "Ana miaka sitini na moja. Nimempa mtihani huu wa mwisho. Akishindwa, anamrudishia Ritesh ufunguo na anakaa na wajukuu. Ameniahidi mbele ya ndugu zake."

Siku ya pili yake mwalimu akanichagua mimi niwe mshambuliaji. Sikufurahi. Nilimuuliza kwa nini mimi, mwanamke, mshona sare.

"Kwa sababu una hasira," alisema. "Nimekuona unavyowajibu wateja wanaochelewa kuchukua nguo."

Tulikuwa na miezi mitatu. Alinipa godoro moja bovu, nikalikunja nikalifunga kamba, nikalisimamisha kwenye kona ya chumba changu cha ushonaji. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi nililipiga ngumi mia mbili. Vifundo vya vidole vikachubuka, vikaota ngozi ngumu. Mwezi wa pili ngumi yangu ilikuwa inazama ndani ya godoro na vumbi linatoka upande wa pili. Jirani alifikiri nimeachika.

Lakini nikipanda pale ghorofani nikasimama mbele ya Mwalimu Luqmani, mvi zake na lile kovu la puani, mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Wallahi sikuuzuia. Nilikuwa natoka na nia yote, na inchi mbili kabla ya uso wake kuna kitu kinauvuta mkono nyuma, kama vile mama yangu amenishika kiwiko. Na mdomo nao, bila kuulizwa, unasema samahani.

"Umesema nini?" alikuwa ananiuliza.

"Sijasema kitu."

"Umesema samahani. Unaniomba samahani kabla hujanipiga."

Akapata wazo. Sisi Waluguru, binamu ni mtani wako: atakutukana, atachukua kuku wako, atakuja msibani kwako akulaze chini avae viatu vyako, na huna haki ya kununa. Mwalimu ana binamu yake anaitwa Mosi, mtoto wa mjomba wake, anayefanya biashara ya karanga Gairo. Akampigia simu. Aliona kwamba kama adabu ndiyo inayotushika mkono, atafute mtu asiyedaiwa adabu.

Mosi akaja na basi la asubuhi, akapanda ngazi za Ritesh akipiga kelele tangu chini. "Yuko wapi huyo mzee wa magodoro? Leo namzika, sanda nimekuja nayo." Akamtandika mwalimu kibao cha upara kabla hata hajavua viatu. Darasa likalipuka. Mwalimu akajaribu kumpanga: simama hapa, piga hivi, lenga hapa. Mosi akamvuta mkanda ukafunguka, akamzunguka akampiga teke la makalio, akakimbilia nyuma ya Godfrey. Alimgusa kweli, tena kwa nguvu, lakini kila pigo lilikuja na tabasamu mbele, na mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka hadi machozi. Huwezi kumtupa mtu huku unacheka. Sisi ngumi zetu zilikuwa na nia lakini hazifiki. Za Mosi zilifika bila nia yoyote.

Mosi alipoondoka kwenda Msamvu kuwahi basi la kurudi, mwalimu alikunja turubai. Zilibaki siku tisa.

Siku moja kabla ya mtihani tulifarakana. Nilikuwa nimepiga ngumi thelathini na zote zilisimama pale pale. Ya thelathini na moja akaushika mkono wangu ukiwa hewani.

"Nasra, unanidharau?"

"Nakuheshimu, mwalimu."

"Kwangu ni kitu kimoja. Unaniona mzee. Unaona ukinipiga nitavunjika. Nenda kashone."

Nilishuka ngazi. Miaka saba ya kuanguka juu ya magodoro yaliyooza, miezi mitatu ya kuchubuka vidole, halafu nenda kashone. Usiku ule nilijisemea kwamba anachokitaka kesho atakipata.

Jumamosi mtahini alifika saa nne. Anaitwa Halidi, mtu wa Dar, arobaini na ushei, sauti ya chini. Alimwamkia mwalimu shikamoo kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua daftari. Mwalimu alivaa ile sketi nyeusi pana wanayovaa wenye mkanda mweusi. Mama Hamza alikuja pia, akakaa karibu na mlango na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri dereva.

Tukaanza. Ngumi ya kwanza ilisimama inchi mbili. Mwalimu akapisha, akanitupa, nikaenda chini vizuri. Ya pili vile vile. Halidi akainua kalamu.

"Mama, hiyo ngumi inamwendea nani?"

Niliinama nikaibana upya pini ya mtandio.

"Mzee wangu, nisamehe," akamwambia mwalimu. "Sentensi iliyoandikwa mara mbili siwezi kuiandika mara ya tatu. Ikija nyingine kama hizo, nafunga daftari."

Nilimtazama mwalimu. Hakunikasirikia. Macho yake yalikuwa yananiomba, mtu mzima yule, mbele ya mkewe. Hapo nikaelewa kitu ambacho ningepaswa kukielewa tangu mwaka wa kwanza: mtu huyu anajua anachokifanya. Anapisha mikono ya watu miaka ishirini. Ninachomhofia ni nini? Kama namwamini, nipige. Hasira ya jana ikaisha kabisa, ikabaki imani tu. Nikapiga kama ninavyolipiga godoro.

Hakusogea.

Ngumi ilimkuta mdomoni, na nilisikia meno yake kwenye vifundo vyangu. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa. Mdomo wa juu ulipasuka, damu ikaingia kwenye ndevu. Hakuonekana kuumia. Alionekana kushangaa, na kile kitendo cha kushangaa ndicho kilichonimaliza. Hakuna aliyesema pole. Mama Hamza alisimama akakaa tena.

"Tuendelee," mwalimu alisema, akajishika goti akainuka. Halidi akakubali, mara moja tu. Mkono wangu ukakataa kupanda. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Halidi alisubiri muda mrefu kuliko alivyolazimika, halafu akafunga daftari, akaja akamshika mwalimu mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, sina la kuandika." Akashuka.

Nimeshona sare ngapi tangu siku ile nikiwaza jambo moja hilo hilo. Tulikuwa tunasema tunamheshimu. Kumbe kwa miaka ishirini tulimpa ngumi zinazomsubiri, na mwili wake ukajifunza kusubiriwa. Alizoea mwendo wa adabu yetu. Alikuwa akilalamika kila wiki kwamba tunamdanganya, na sote tuliona ni ukali wa mwalimu, tukacheka alipokwenda kukaa ngazini. Yeye peke yake ndiye aliyejua kinachoendelea, ila hata yeye hakujua kimemla kiasi gani mpaka mimi nilipokuja kumwonyesha mbele ya mkewe. Najilaumu, na namlaumu Godfrey, na siku nyingine namlaumu hata mama yangu aliyenilea.

Jumanne iliyofuata mwalimu alikuja kutoa vitu vyake. Darasa zima lilikuja na matunda. Mtu ameshindwa mtihani, wao wanamletea machungwa na matikiti kama amelazwa. Walikaa kwenye turubai wakamzunguka, wanauliza mdomo unaendeleaje, unakula nini. Alipomwomba Godfrey wafanye pigo moja la mwisho la kuagana, Godfrey alishika mikono yake nyuma. "Hapana mwalimu, pumzika kwanza." Walishuka mmoja mmoja na heshima zao zote.

Nikabaki mimi. Alikuwa anafungua kamba za turubai.

"Mwalimu, simama."

"Nasra, tumemaliza."

"Simama. Nakuja usoni."

Alinitazama, akaiacha kamba. Ya kwanza ilimpata shavuni, hakusogea. Ya pili alisogea, lakini amechelewa, ikampata sikio. Ya tatu na ya nne zilimpata begani, kwa sababu alikuwa ameanza kupisha. Nilikuwa napiga na kulia na siombi samahani. Ya tano sikuiona ilikoenda. Uso wake haukuwepo pale nilipolenga, kiganja chake kilikuwa mbele ya macho yangu, mikono yangu ikapanda yenyewe kujikinga, na miguu ikanitoka. Nilianguka chali vibaya, pumzi zote zikaniishia. Katika miaka saba sikuwahi kutupwa namna ile. Kila alichotueleza kuhusu pigo la kwanza nilikielewa nikiwa nimelala pale natafuta hewa, nikaanza kucheka.

"Umeona?" nikamwambia nilipoweza kusema. "Umeona, mwalimu? Hiyo ndiyo yenyewe. Tumpigie Halidi. Tumwambie arudi."

Hakucheka. Alikuwa ameshika goti, anahema.

"Hiyo umeipunguza," alisema.

"Sijaipunguza."

"Nasra."

"Wallahi sijaipunguza. Ilikuwa kali kuliko ile ya Jumamosi."

"Umenipiga nne, ukaona inatosha. Mtu mwenye moyo hawezi kuendelea."

Niliapa. Nikamwonyesha vidole. Nikamwambia asimame tena, nipige ya sita, ya saba, mpaka aamini. Nilipandisha sauti kwa mzee wa miaka sitini na moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Yeye alikunja turubai, akalifunga kamba, akachukua ufunguo msumarini. Mlangoni aligeuka, na nilivyoona macho yake nikajua kwamba hata ningemwita Sakuma mwenyewe kutoka Japani aje atoe ushahidi, asingemwamini.

"Nashukuru," alisema. "Umelelewa vizuri, mwanangu."

Nikamsikia anashuka ngazi polepole, anamwita Ritesh amkabidhi ufunguo.